Kampuni ya Uwekezaji, Si Dhamana

Mwaka 1868 Philip Rose na wenzake walianzisha mjini London chombo kilichoitwa Foreign & Colonial. Walitaka mtu wa kipato cha kati apate nafasi waliyokuwa nayo matajiri: kutawanya fedha katika hatifungani za serikali nyingi, ili moja ikishindwa kulipa, nyingine zimsitiri. Mali hiyo iliwekwa mikononi mwa wadhamini, na jina la Kiingereza la vyombo hivi, investment trust, limebaki na alama ya wadhamini hao hadi leo. Lakini mwaka 1879 hukumu ya mahakama ilitilia shaka uhalali wa mpango huo, na Foreign & Colonial ikageuzwa kuwa kampuni. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ilikwenda kinyume na hukumu ile, ila umbo la kampuni likadumu. Kwa hiyo anayekiita chombo hiki “dhamana ya uwekezaji” anafasiri historia yake na kuacha kitu chenyewe.

Tena neno dhamana lina kazi nyingi mno. Mshtakiwa hutoka kwa dhamana, mkopaji huweka nyumba dhamana, na nchini Tanzania Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana husimamia hisa na hatifungani. Mwananchi akilisikia, huelewa kwamba mtaji wake umehakikishwa. Haukuhakikishwa. Wapo watakaosema neno limeshazoeleka. Na libaki katika majina rasmi ya taasisi, lakini istilahi inayompa mtu matumaini yasiyokuwepo katika jambo la fedha inamdhuru. Isitoshe, Centum ya Kenya na TCCIA Investment ya Tanzania, ambazo hisa zake huuzwa sokoni, watu huziita kampuni bila kufundishwa na yeyote. Tuseme basi kampuni ya uwekezaji, na penye haja ya kupambanua, kampuni ya uwekezaji yenye mtaji uliofungwa.

Kufungwa huko ndiko kunakoitenga na mfuko wa pamoja. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS ya Tanzania huuza vipande vipya mwekezaji anapoingia na kuvinunua tena anapotoka. Kwenye kampuni ya uwekezaji, anayetaka kutoka humuuzia mwenzake hisa sokoni, na meneja halazimiki kuuza mali kwa pupa. Uzito wa tofauti hii ulionekana Uingereza Juni 2019, pale Woodford Equity Income, mfuko wa aina ya wazi, uliposimamisha malipo kwa sababu wateja walitoka kwa wingi na baadhi ya mali hazikuuzika haraka.

Kwa anayetafuta kipato, faida kubwa iko kwenye akiba. Kanuni za Uingereza zinairuhusu kampuni ya aina hii kubakiza hadi asilimia 15 ya mapato yake ya mwaka, na akiba hiyo hujazia gawio miaka mibaya ikifika. Ndiyo maana City of London Investment Trust imeweza kuongeza gawio kila mwaka tangu 1966, hata mwaka 2020 kampuni nyingi za Uingereza zilipopunguza au kufuta magawio yao. Mfuko wa pamoja wa Uingereza hauna nafasi hiyo. Unachokusanya mwaka huu ni cha wenye vipande wa mwaka huu.

Mpinzani atasema akiba huisha, na gawio linalopanda laweza kuficha mapato yanayoshuka. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba bei ya hisa huweza kushuka chini ya thamani ya mali inayomilikiwa, na kwamba kampuni hizi zaruhusiwa kukopa ili kuwekeza, jambo linalozidisha hasara soko likianguka. Hata kutawanya kwenyewe si suala la idadi tu: hisa arobaini za benki ni hatari ileile moja. Lakini hoja hizi zote zinathibitisha kwamba mnunuzi ni mwanahisa anayebeba hasara na faida, wala hana mdhamini. Kabla ya kununua, fungua taarifa ya mwaka uangalie mambo matatu: akiba ya mapato inatosha gawio la muda gani, deni ni kiasi gani, na bei imeachana vipi na thamani ya mali.