Katazo la uchinjaji wa punda nchini Tanzania
Katazo la uchinjaji wa punda ni hatua ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2022 iliyosimamisha uchinjaji wa mnyama huyo kwa biashara ya ngozi. Aliyelitangaza, Mashimba Ndaki, alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi na pia mbunge wa Maswa Magharibi, mkoani Simiyu.

Usukumani, ulipo mkoa huo, punda ni mbebaji. Katika vijiji vya Maswa, Meatu na Itilima hubeba madumu ya maji kutoka malamboni, kuni, magunia ya mahindi, na msimu ukifika, pamba. Akiibwa, mzigo hurudi kichwani kwa mama na binti zake.

Ngozi yake hutakiwa China, ambako huchemshwa ili kupata ejiao, dawa ya asili. Ng'ombe angestahimili soko kama hilo. Punda hawezi: hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Machinjio ya punda yalikuwa Dodoma na Shinyanga.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilikuwepo tayari. Inakataza ukatili, na kidonda cha mgongoni kilichochimbwa na mzigo mzito afisa mifugo anaweza kukiona mchana kweupe. Wizi ni kazi ya usiku. Alama ya moto aliyopigwa punda huondoka pamoja na ngozi, yaani ushahidi wenyewe ndio bidhaa. Ndiyo maana hereni za kielektroniki za kutambua mifugo, zilizokusudiwa ng'ombe na punda pia, zilikuwa na maana kubwa; lakini wabunge walilalamikia gharama anazobebeshwa mfugaji, na zoezi la kuzivisha likasimamishwa. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, ila pengo la utambuzi lilibaki.

Kenya inaonyesha udhaifu wa katazo la waziri. Waziri wake wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda Februari 2020. Mei 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi wake.

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliridhia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Utekelezaji umeachiwa kila nchi, kwa sheria zake na wakaguzi wake.