Mchochota: jina linalostahili kazi ya seli za kinga

Mgonjwa anayeambiwa Thika au Ruiru kwamba ana uvimbe anaweza kuwa ameambiwa moja kati ya mambo matatu yasiyofanana: kwamba mguu wake umejaa maji, kwamba kuna nyama iliyoota kwenye kizazi, au kwamba seli zake za kinga zimeamka kupambana na vijidudu. Jambo hili la tatu ndilo wataalamu huliita inflamesheni, na kwa maoni yangu linastahili jina lake lenyewe: mchochota. Neno si jipya. Waandishi wa afya kwa Kiswahili wamelitumia, ila halijapewa nafasi ya kudumu. Ninalitetea kwa sababu moja kuu. Inflamesheni ni kazi ambayo seli huianza, huipima na huikomesha, nayo mara nyingi hufanyika bila chochote kuvimba. Istilahi inayoifunga kazi hiyo ndani ya uvimbe inatuzuia kuielewa.

Mwandishi wa Kirumi Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za inflamesheni: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kiswahili kimezichukua mbili kati ya hizo na kuzifanya jina la jambo zima. Pale tusiposema uvimbe, tunasema homa: homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Majina haya yamewafaa watu kwa muda mrefu, na hakuna sababu ya kuyafuta. Lakini homa ya ini inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila joto kupanda hata kidogo, huku ini likiharibika polepole. Anayeisubiri homa ndipo aende kupimwa amepotoshwa na jina.

Chini ya dalili hizo pana mfuatano wa maamuzi. Makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, hubeba vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo vijidudu vinavyo na mwili wetu hauna. Kipokezi kiitwacho TLR4, kwa mfano, hutambua lipopolisakaridi iliyo kwenye ganda la nje la bakteria wengi. Ugunduzi huo ulichangia kumpatia Bruce Beutler Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Kipokezi kikiguswa, ishara hupita hadi kwenye kiini cha seli, jeni husomwa, na seli hutoa saitokini, protini zinazoziita seli nyingine na kuifanya mishipa ya damu ipitishe maji na chembe nyeupe. Hapo mchochota umeanza. Lakini ishara hiyo hiyo inayouanzisha huamuru pia kutengenezwa kwa protini za kuuzima, mojawapo ikiitwa A20. Makrofaji iliyokwisha kukutana na lipopolisakaridi, ikikutana nayo tena baada ya muda mfupi, hutoa saitokini chache zaidi. Makrofaji za utumbo, zinazoishi jirani na bakteria wasiohesabika, huwameza na kuwaua bila kupiga mbiu ya hatari. Na TLR9, kinachotambua DNA, hukaa ndani ya vifuko vya seli, mahali ambapo DNA ya vijidudu vilivyomezwa hufika na ya mwili wenyewe kwa kawaida haifiki. Kwa hiyo seli ya kinga haihisi tu. Inadhibiti pia mahali pa kuhisi, kiasi cha kuhisi na muda wa kuitikia.

Kwamba tofauti hii kati ya uvimbe na mchochota si ya wanamaabara peke yao, Thika ni shahidi. Mji huo ulikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa uliofuatilia jozi 3,408 za wapenzi katika nchi 7 za Afrika, mmoja katika kila jozi akiwa na VVU pamoja na HSV-2, virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Dawa ya acyclovir ilipunguza vidonda vya sehemu za siri vyenye HSV-2 kwa asilimia 73, na ikapunguza kiasi wingi wa VVU katika damu, lakini haikupunguza maambukizi kwa mwenzi. Matokeo hayo peke yake hayathibitishi kwamba mchochota uliofichika ndio uliosababisha maambukizi kuendelea, kwa kuwa punguzo la VVU lenyewe lilikuwa dogo. Yanaonyesha, hata hivyo, kwamba kuondoa kinachoonekana si kuondoa hatari. Kwa upande wa wale wasio na VVU, watafiti wa Seattle walionyesha mwaka 2009 kwamba baada ya kidonda cha HSV-2 kupona, seli T aina ya CD4, zile zile ambazo VVU huzishambulia, hubaki zimekusanyika pale pale kwa miezi, hata kwa watu wanaotumia acyclovir. Ngozi imefunga na uvimbe umekwisha, lakini seli zilizoitwa na mchochota bado zipo. Kwa neno uvimbe, sentensi hiyo ya mwisho haiwezi kusemwa bila kujipinga.

Ushahidi wa Pumwani, Nairobi, unagusa jambo la ndani zaidi katika lugha yetu. Jina UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, limetuzoesha kuiwaza kinga kama kiasi: ikipungua ni hatari, ikiongezeka ni heri. Katika utafiti ulioanza Pumwani mwaka 1985, baadhi ya wanawake waliokutana na VVU mara nyingi hawakuambukizwa. Seli zao zilipochunguzwa, zilionekana kuwa na shughuli ndogo kuliko kawaida wakati wa utulivu, ingawa ziliendelea kuitikia vijidudu vilipoletwa. Wanasayansi wameielezea hali hiyo kwa neno ambalo tungeweza kulitafsiri kuwa utulivu wa kinga. Huo si upungufu. Ni kinga isiyowasha mchochota bila sababu, na kwa hiyo haivipi VVU seli nyingi za kushambulia. Msomaji aliyefundishwa kuongeza kinga tu hana pa kuuweka ukweli huu, mpaka apewe neno la kile kinachopaswa kutulizwa.

Ruiru inatufundisha upande wa pili: kuhisi vijidudu na mchochota ni mambo mawili. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mabichi ya kahawa, ulionekana magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kikatoa mwaka 1985 aina inayoustahimili, Ruiru 11. Uchunguzi wa kahawa sugu ulionyesha kwamba seli za tunda hujenga ukuta wa kizibo kuzunguka mahali kuvu ilipoingilia, na kuizuia isisonge mbele. Mmea wa kahawa hauna damu wala makrofaji, na hauna mchochota. Hata hivyo seli zake zimemtambua adui na kuitikia. Kwa hiyo tunahitaji istilahi mbili: utambuzi wa vijidudu, ulio kwa mimea na wanyama, na mchochota, ulio jibu mojawapo tu la utambuzi huo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mchochota nao unadokeza dalili moja, maumivu ya kuchoma, na mchochota wa kimya hauumi. Ni kweli. Lakini hata neno la Kilatini lilitokana na mwali wa moto, na hakuna daktari anayetafuta mwali. Istilahi haidaiwi kuchora kitu kizima. Inadaiwa isiwe imeajiriwa tayari kwingine. Uvimbe una kazi nyingi, na mchochota karibu hauna nyingine. Wengine watasema inflamesheni inatosha. Inatosha kwa anayejua Kiingereza, lakini haimpi muuguzi kitenzi cha karibu cha kumweleza mgonjwa, ilhali mchochota unakaa vizuri kando ya kuchochea na kutuliza. Na kwa anayehofia kwamba wagonjwa hawalijui neno, jibu ni kwamba maneno chanjo na virusi nayo yalijulikana kwa kutumiwa.

Napendekeza basi kwamba uvimbe ubaki kuwa jina la kilichovimba, homa jina la joto lililopanda, na mchochota jina la kazi ya seli. Mwalimu wa biolojia wa Juja na muuguzi wa Thika wataweza kusema kwamba dawa fulani inatuliza mchochota bila kuua vijidudu, na nyingine inaua vijidudu huku mchochota ukiendelea. Hiyo ni tofauti ambayo mgonjwa ana haki ya kuijua kabla ya kumeza kidonge.