Ugua, uguza, muuguzi

Kijana wa Tongaren anayejiunga na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC), iwe Kitale au Bungoma, hukutana na istilahi ndefu zenye asili ya Kigiriki. Asizikariri nzimanzima, azichambue. Katika hepatitisi, hepat- ni ini, na -itisi huonyesha kuwa kiungo kimevimba kwa maradhi au jeraha. Basi nefritisi ni uvimbe wa figo, gastritisi ni uvimbe wa tumbo.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Kutokana na ugua tunapata uguza, muuguzi na uuguzi: mu- humtaja mtu, u- hutaja kazi yenyewe. Walimu wa sekondari, waonyesheni wanafunzi uhusiano huu mapema. Ajuaye viambishi na mizizi huelewa hata istilahi ambayo hajawahi kufundishwa.