Breki za diski, masta ya dramu: deni la historia chini ya pedali

Leo naweka kodi za programu kando, tuzungumze breki. Wenye Land Rover za zamani waliong'oa dramu na kufunga diski wana lalamiko moja: kila kitu kipya, lakini pedali inazama kama unakanyaga sponji. Fundi anatoa hewa mara tatu, mara nne, wapi! Jibu liko kwenye historia.

Diski si kitu cha jana. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza yake mwaka 1902, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele na kuliwa upesi. Dramu ikashinda. Mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead akapata hataza ya breki za mafuta, na 1921 zikaonekana kwenye magurudumu yote manne ya Duesenberg. Siri yake ni ndogo: mafuta hayabanwi, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika yote kwenye gurudumu. Hewa hubanwa, na hapo ndipo sponji inapozaliwa.

Diski zilirudi kwa kishindo 1953, Jaguar C-type yenye diski za Dunlop iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Mwaka 1955 Citroën DS ikaziweka mbele. Land Rover ya Series, iliyoanza 1948, ikabaki na dramu mpaka Series III ilipokoma 1985. Lakini ndugu yake Range Rover alizaliwa 1970 akiwa na diski pande zote nne, zikiwa na masta na busta zilizopangwa kwa ajili yake.

Shikeni neno hilo: zilizopangwa pamoja. Sisi tunaofunga diski wenyewe mara nyingi tunaacha masta ya zamani. Kwanza, bastola za kalipa ni kubwa, zinataka mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Pili, masta nyingi za dramu zilikuwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo la paundi 10 hivi kwa inchi mraba, ili silinda zisivute hewa. Kwenye dramu kuna springi za kurudisha viatu. Kwenye diski hakuna, kwa hiyo pedi zinaendelea kusugua.

Zikisugua, zinachemka. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kinakubali hata 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Ndiyo maana gari linasimama vizuri asubuhi uani, kisha kwenye mteremko wa Mai Mahiu mguu unafika sakafuni, nyuma yako kuna lori. Kesho yake limepoa, fundi anakwambia halina shida!

Kwa hiyo kagueni hivi. Skrubu za kutolea hewa ziwe juu ya kalipa. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, skrubu inakuwa chini na hewa haitoki kamwe. Baneni mipira ya breki mmoja mmoja kwa kibanio kisichoikata: pedali ikiwa ngumu, ubaya uko gurudumu hilo. Kama nyuma bado ni dramu, kazeni viatu vyake. Mwisho, baada ya kuendesha, inueni gurudumu mlizungushe kwa mkono. Likigoma, fungueni skrubu kidogo. Likiachia, shinikizo limenaswa: tafuteni ile vali, au wekeni masta ya diski.

Waandika programu tunaujua ugonjwa huu. Unabadilisha sehemu moja, na msimbo wa zamani unaendelea kutii amri za mfumo uliokufa. Tofauti ni kwamba kompyuta ikigoma unaizima na kuwasha upya. Mteremko haukupi nafasi hiyo.

Haya, safari njema.