Stakabadhi na Mkono Ulioshika

Katika maduka ya jumla ya mjini Isiolo, Kenya, herufi tatu zinazobeba matumaini ni LPO. Hutajwa haraka, kana kwamba ni pesa tayari. Kumbe ni agizo la ununuzi tu kutoka serikalini: leta mahindi na maharagwe Merti, nasi tutalipa. Kati ya "leta" na "tutalipa" pana barabara ya vumbi, na pana msamiati ninaoupenda sana.

Shehena ni neno la baharini, tulilopewa na Kiarabu, na siku hizi linapanda lori bila taabu. Katika biashara ya ng'ambo hati ya shehena ina nguvu kubwa. Benki yaweza kulipa kwa kuiona tu, mzigo wenyewe ungali majini. Kwa muuzaji wa Isiolo haifui dafu. Lori likizama matopeni kabla ya Merti, karatasi ya kupakia haimlipi mtu.

Kinachotakiwa ni stakabadhi. Mzizi wake wa Kiarabu, kabadha, ni kushika kwa mkono, kufumbata. Humo ndimo tulimopata kukabidhi na makabidhiano, na humo humo tukapata kabidhi, yaani bahili, mtu aliyekunja ngumi. Stakabadhi basi haisemi "nilituma". Inasema mkono wa pili umeshika. Naipenda kuliko risiti kwa sababu hiyo, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inakubaliana nayo: kamati ya ukaguzi na upokeaji huhesabu magunia na kuyalinganisha na agizo, ndipo mali inapoingizwa stoo kwa fomu ya S13. Dereva naye sharti arudi na nakala ya hati ya deliveri yenye saini na muhuri. Akirudi mikono mitupu, hata kama maharagwe yameshapikwa, muuzaji hana la kuonyesha. Ankara hufuata baadaye.

Kisha huanza kungoja. Sheria hiyo hiyo inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini mwaka 2023 ilibidi iundwe kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuhakiki madeni ya serikali kuu ya tangu Juni 2005 hadi Juni 2022. Miaka 17! Mkono uliopokea umekuwa ngumi. Stakabadhi imezaa kabidhi.

Madeni hayo magazeti huyaita malimbikizo, na neno hilo linaniuma. Kulimbika maji ni kuyaacha yajikusanye kisimani, polepole, kabla ya kuteka. Wanaochimba mchanga wa mito iliyokauka wakati wa kiangazi wanaijua subira hiyo: hukaa kando ya shimo wakiyatazama maji yakipanda. Mwenye duka aliyekopa ili anunue mahindi yale naye amekaa kando ya shimo. Kinachopanda humo ni riba ya benki.