Saikolojia ya Kisheria: Akili ya Mshtakiwa na Amana ya Jamaa Zake



Saikolojia ni elimu ya nafsi na tabia za mwanadamu. Saikolojia ya kisheria ni kuitumia elimu hiyo mahakamani. Je, mshtakiwa alikuwa na akili timamu alipotenda? Je, leo anaelewa mashtaka na anaweza kujitetea? Je, kumbukumbu za shahidi, hasa mtoto, ni za kutegemewa?

Maswali haya si mageni katika Uislamu

Imepokewa na Abu Daud na wengineo kwamba watu watatu kalamu imeondolewa kwao: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Na Maa'iz (Radhiya Allahu anhu) alipokiri zinaa, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimuuliza kama ana wazimu. Katika riwaya ya Muslim, aliwatumia watu wa kabila lake kuwauliza kama wanaijua kasoro yoyote katika akili yake. Wanaomjua mtu waliulizwa kabla ya hukumu.

Sheria ya Tanzania

Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mshtakiwa. Kifungu cha 13 kinamwondolea jinai aliyekuwa na maradhi ya akili wakati wa kitendo, yakamfanya asielewe anachofanya au asijue kwamba hapaswi kukifanya. Msingi huu tumeurithi Uingereza, kutokana na kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kinole, katika milima ya Uluguru, aliyeshtakiwa kwa kuua. Mahakama ikiona dalili za maradhi ya akili, yaweza kusimamisha kesi na kuamuru apelekwe hospitali ya akili. Wahalifu wenye maradhi hayo hupokelewa Isanga, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa daktari siku 42 kuandika ripoti. Wataalamu humhoji, humpima akili na kumbukumbu, na huchunguza historia yake.

Ripoti ni maoni, na hakimu habanwi nayo. Na ikithibitika kwamba hakuwa na akili, haachiwi kurudi nyumbani siku ileile. Huwekwa mahali pa matibabu na uangalizi.

Wajibu wa jamaa

Ndugu msomaji, Dodoma iko mbali na Kinole, na daktari wa huko hakumwona kijana huyu akiongea peke yake shambani au akikesha usiku kucha. Waliomwona ni mama yake, ndugu zake na majirani. Lakini wengi huficha kwa kuona aya, au husema tu kwamba ana mashetani, bila kumpeleka kituo cha afya. Siku ya kesi hakuna kadi ya hospitali wala shahidi wa maradhi. Kusoma ruqya hakuzuii matibabu. Vyote viwili ni katika kutafuta sababu.

Tunausia mambo matatu. Mgonjwa apelekwe hospitali mapema na kadi zake zitunzwe. Akikamatwa, polisi na wakili waelezwe mara moja. Tatu, isemwe kweli tupu: kumzulia mtu wazimu ili aepuke adhabu ni ushahidi wa uongo na ni dhulma kwa wafiwa. Allah ametuamuru katika Suratun Nisaa, aya ya 135, kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu.

Wallahu a'alam.