Mpinduo wa Aliye Chini

Katika mieleka ya mataifa mengi mtu aliyelazwa chali huhesabiwa ameshindwa. Vumbi la mgongoni ni ushahidi wa kutosha. Jiu-jitsu ya Brazil ilikataa hukumu hiyo. Kwa desturi yake, maadamu miguu ya aliye chini ingali kati yake na adui, shauri halijakatwa. Kazi yake ni kumpindua aliye juu, wa chini awe wa juu. Wabrazili huita tendo hili raspagem, yaani kukwangua, jina linalofaa sufuria ya ukoko kuliko uwanja wa mashujaa.

Mbegu ilitoka Japani. Jigoro Kano alianzisha chuo cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi wa chuo hicho, Mitsuyo Maeda, aliwasili Brazil mwaka 1914, na baadaye akafanya maskani Belém, karibu na mdomo wa mto Amazon. Elimu yake ilimfikia kijana Carlos Gracie, na kwa Carlos ikamfikia mdogo wake Hélio, mtu mwembamba asiyetegemea misuli. Mwaka 1925 Kodokan ilibana kwa sheria ruhusa ya kushuka chini kwa hiari. Akina Gracie walishika njia ya pili, wakaifanya sakafu kuwa nyumba yao.

Lakini kupindua ni kwepesi kusimulia, kugumu kutenda. Mtu aliyepiga magoti juu ya mwenzake ni kama meza yenye miguu minne: mikono miwili na magoti mawili. Meza haiangushwi kwa kusukumwa hali imesimama juu ya miguu yote. Huondolewa miguu miwili ya upande mmoja, ikalalia upande huo. Mwanafunzi ambaye mpinduo wake haukubali hulaumu udhaifu wake, na mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Aghalabu ameuacha mkono wa adui huru, nao hutupwa chini mara moja ukawa nguzo. Au hakumvuta mbele kwanza, na uzito wote ungali juu ya visigino. Hapo mguu ukwanguao goti hukwangua mwamba. Au mwenyewe amelala bapa kama mkeka, nyonga hazikusogea upande, basi nguvu ya miguu haina pa kutokea. Dawa ya kosa la uzito ni ya werevu kuliko zote: adui akishikilia kuegemea nyuma, asivutwe tena. Aliye chini na ainuke aketi, azuie mkono wake, ampige kwa nyonga kuelekea huko huko anakoegemea.

Werevu huo una mpaka wake. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio alikabiliana na Masahiko Kimura, Mjapani mzito kuliko yeye na bingwa wa judo. Kimura alimtupa mara kwa mara, akampita miguu, akamlalia. Miguu ikishapitwa hakuna cha kupindulia. Katika duru ya pili mkono wa Hélio ulivunjwa. Hakusalimu amri, ila Carlos alirusha taulo.

Vizazi vya baadaye vilitafuta tiba ndani ya kushindwa kwenyewe. Kumbana adui mguu mmoja tu kulidhaniwa kituo cha mwisho kabla ya kupitwa. Roberto Correa, aitwaye Gordo, aliumia goti, akalazimika kukaa katika kituo hicho. Katika miaka ya 1990 alikigeuza kuwa mlango wa mipinduo, naye akaigwa na wengi.

Sheria za shirikisho la kimataifa humpa mpinduaji pointi 2, sawa na aangushaye mtu kutoka wima. Sharti aanze na mwenzake akiwa amezuiwa na miguu yake, au mguu mmoja wa mwenzake akiwa ameubana, kisha adumu juu kwa sekunde 3. Ajinasuaye chini ya mtu aliyekwisha kumkalia kifuani, hata akiishia juu, hapati kitu.